Kikundi hakiishi kwenye simu: kusoma kitabu cha Steven Levy hapa Mbau

Ukurasa huu unabeba zaidi mambo ya usalama na ya siasa, na ni haki yake, kwa vile tunavyoishi. Leo naomba nafasi kwa kitabu. Kadogo mmoja wa informatiki alinitumia kwa Bluetooth, kwa Kifaransa, akaniandikia: «Yaya, soma hii, utaona namna wale wazungu walianza kama sisi tu.» Kitabu ni Hackers cha Steven Levy, mwandishi wa habari wa Marekani, kilichotoka mwaka wa 1984. Nimekisoma chote. Ni kizuri. Lakini ile sentensi ya kadogo, kwamba walianza kama sisi, ndiyo inayonisumbua, na naona inasumbua wengi kati yetu bila kujua.

Kitabu kina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya wanafunzi wa chuo cha MIT waliokesha usiku ili wapate zamu kwenye mashini kubwa. Ya tatu ni ya vijana waliotajirika kwa kuandika michezo. Hizo nitaziruka. Sehemu ya pili, ya California miaka ya 1970, ndiyo inayotuhusu.

Januari 1975, jarida Popular Electronics liliweka kwenye jalada lake mashini inayoitwa Altair 8800. Kampuni ndogo ya MITS, mji wa Albuquerque, iliiuza kwa dolari zisizofika 400. Lakini ulikuwa unatumiwa vipande ndani ya karatoni. Unakaa chini, unayeyusha risasi, unashikanisha waya kwa waya. Ukimaliza, kama umebahatika, una sanduku lisilo na skrini wala klavie, lenye taa na vibonye mbele, na kumbukumbu ya baiti 256. Ujumbe mfupi wa simu hauwezi kuenea humo mara mbili. Ilikuwa ya kufanya nini? Hakuna aliyejua. Na kwa sababu hakuna aliyejua, watu walitafutana.

Tarehe 5 Machi 1975 watu kama 30 wakakutana katika garaji ya nyumba ya Gordon French, Menlo Park. Ndiyo mwanzo wa Homebrew Computer Club. Baadaye walikuwa wengi mpaka wakahamia ukumbi wa SLAC, kituo cha utafiti cha Chuo cha Stanford. Lee Felsenstein ndiye aliyeongoza vikao, na namna alivyoviongoza ingefaa tuijifunze. Kwanza watu wanasimama mmoja mmoja: mimi nina hiki, mimi natafuta kile, mimi nimesikia kwamba kampuni fulani inatupa vipande. Halafu kikao kinavunjika, na kila mtu anamfuata yule aliyesema kitu kinachomhusu. Wanauziana, wanabadilishana, wanaonyeshana. Hakuna mhadhara, hakuna profesa mbele.

Kuna sehemu moja niliyoisoma mara mbili. Steve Dompier alileta Altair yake kikaoni, akaweka radio ndogo pembeni. Mashini haikuwa na spika. Lakini ilikuwa inatoa kelele za umeme ambazo radio inazishika, na Dompier alipanga namba zake hata kelele zile zikawa muziki: wimbo mmoja wa Beatles, halafu «Daisy». Watu wakasimama wakapiga makofi. Mtu wa hapa kwetu anaielewa mara moja, kwani nani hajasikia radio ikifanya trrr-trrr-trrr sekunde mbili kabla simu haijalia? Tofauti ni kwamba sisi tunasogeza simu mbali na radio. Dompier aliuliza: kumbe?

Sasa, Levy anasimulia kufifia kwa kikundi hiki karibu kama padri anavyosimulia habari ya Edeni. Mwanzo watu waligawana kila kitu. Halafu pesa ikaingia, wanachama wakafungua kampuni, wakaanza kuficha, na mtu aliyekuwa anasimama kusema yote akawa anasema nusu. Ni kweli hayo yalitokea. Steve Wozniak alikuwa anagawa michoro ya mashini yake bure kwa wenzake, na miaka michache baadaye mashini ile ilikuwa Apple. Kikundi kiliendelea kwa kuchechemea mpaka Desemba 1986, kikafunga. Lakini Levy mwenyewe anatoa habari inayopinga hadithi yake, na anaipita haraka. Mwaka wa 1976 Paul Terrell, mwenye duka la Byte Shop, alikubali kununua mashini 50 za kwanza za Apple kwa sharti moja: hataki vipande, anataka zilizokwisha shikanishwa. Hapo ndipo kikundi kilianza kufa, miaka kumi kabla ya kufungwa. Siku mnunuzi alipopata mashini inayowaka bila kumwomba mtu msaada, sababu ya kumtafuta jirani iliisha. Tamaa ilikuja baadaye kubeba jeneza. Ona jumuiya ya Boston, Boston Computer Society, iliyoanzishwa mwaka wa 1977 na Jonathan Rotenberg akiwa bado mtoto wa shule. Ilifika wanachama makumi ya maelfu. Mwaka wa 1996 ikavunjwa. Hakuna nyoka aliyeingia Boston. Watu tu hawakuwa tena na swali la kuleta.

Sasa nije kwa ile sentensi ya kadogo. Walianza kama sisi? Hapana. Neno garaji linatudanganya. Kwetu garaji ni mahali pa kutengeneza gari, penye mafuta chini na vijana wanaolala chini ya Fuso. Garaji ya Menlo Park ilikuwa chumba cha nyumba ya mtu mwenye mshahara, na ukutani kulikuwa na umeme saa 24. Wozniak alikuwa na kazi katika kampuni ya Hewlett-Packard. Vipande vilipatikana katika maduka ya mabaki ya viwanda vilivyojengwa kwa pesa ya jeshi la Marekani. Ukumbi ulikuwa wa chuo. Umaskini wao ulikuwa wa kuchagua. Na wakati ule ule, upande wetu huu wa dunia, Tanzania ilikuwa imekwisha piga marufuku kuingiza kompyuta nchini, mwaka wa 1974. Pale Menlo Park wanapigia makofi radio, Dar es Salaam mtu binafsi hana ruhusa hata ya kuleta sanduku. Sisemi hivyo ili tulie. Nasema kwa sababu mtu akiamini kwamba walianza kama sisi, ataamini pia kwamba tukiwa na moyo kama wao tutafika, na asipofika atajilaumu moyo wake.

Lakini kuna kitu tulikuwa nacho, na hicho Levy hakukijua. Tulikuwa na meza.

Wale wa miaka yangu wanakumbuka. Meza ya mbao barabarani, mwavuli wa kampuni ya simu, kompyuta moja ya okazio iliyokwisha tumika Ulaya au Dubai ikaingia kwa Kasindi, na nyuma jenereta ndogo inayovuta moshi. Butembo zilijaa, Beni zilijaa, Oicha zilikuwepo, na hapa Mbau zilikuwepo. Unaleta kadi ya memori, unatoa franki, unatiliwa nyimbo na filamu. Pembeni kuna sekretariati: huyu anapiga barua ya kuomba kazi, yule anapiga TFC ya mtu, mwingine anatoa fotokopi. Wenye cafe za intaneti walitega sahani kubwa juu ya nyumba na kuuza saa.

Ukiuliza wanafunzi wa sasa watakuambia ilikuwa biashara ndogo ya kutafuta chakula. Ndiyo. Lakini ilikuwa pia shule, ila haikutoa breve. Kijana wa meza alijua kutoa kirusi kile kinachogeuza dosie zako zote kuwa njia za mkato. Alijua kufufua flashi iliyokufa, kubadilisha disiki, kuweka Windows upya bila kupoteza picha za ndoa ya mteja. Hakufundishwa darasani. Alijifunza kwa kukaa pembeni ya mkubwa wake miezi, akinunua maji na mafuta ya jenereta, akiangalia mikono. Na jioni, jenereta ikizimwa, wale wa meza mbalimbali walikuwa wanakutana: wewe una dereva ya printa hii? Mimi natafuta ile skrini. Nimesikia fulani ameleta mzigo kutoka Kampala. Soma tena aya ya Felsenstein hapo juu uone kama si kikao kile kile.

Felsenstein mwenyewe, kabla ya Homebrew, alikuwa katika mradi wa Community Memory. Mwaka wa 1973 waliweka mashini ya kuandikia ujumbe ndani ya duka la kuuza sahani za muziki, mjini Berkeley. Mtu anaingia kununua muziki, anakuta mashini, anaandika anachotafuta, mwingine anamjibu. Kompyuta ya watu wote iliingia kwa mlango wa muziki. Kwetu pia iliingia kwa mlango huo huo, na hakuna aliyeiga mwingine.

Meza zetu ziliishaje? Sababu ya Terrell ipo: simu ya mfukoni ilifika imekwisha shikanishwa, imefungwa kwa gundi, na nyimbo zinakuja kwa mega. Nani atembee mpaka mezani? Lakini hapa kwetu kuna sababu nyingine ambazo haziko California. Oktoba 2014 mauaji yalianza katika eneo hili la Beni, na Mbau iko katikati yake. Wenye meza walihamia Beni, au Butembo, na wengine hatutawaona tena. Jenereta na kompyuta ni vitu vya kuibwa kwanza mtu akikimbia. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ikatangazwa, na mpaka ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua zaidi ya watu 2,200. Miaka ile miwili, klavie inayoshikwa na mikono 50 kwa siku ilikuwa kitu cha kuogopwa, na kukaa wanane kuzunguka meza ilikuwa kosa. Kabla hatujapumua, Mei 2021 hali ya kuzingirwa ikaanza. Mambo ya jioni yakaisha. Na mambo yetu yote mazuri yalikuwa ya jioni.

Kwa hiyo ukiniambia kufifia ni sheria ya teknolojia, ya zamani inaondoka na mpya inaingia, nitakuambia hiyo ni nusu. Menlo Park watu waliacha kukutana kwa sababu hawakuhitaji tena. Sisi tuliacha kukutana huku tukihitaji bado. Njo tofauti yenyewe.

Ushahidi? Kumbukeni mwisho wa mwaka 2018. Kura ya urais ilipigwa tarehe 30 Desemba, sisi wa Beni na Butembo tukiwa tumekwisha wekwa pembeni hadi Machi. Kesho yake serikali ikakata intaneti nchi nzima, karibu wiki tatu. Vikundi vyetu vya WhatsApp, wanachama 200, viongozi wanne, picha ya nembo, vilikaa kimya kama kaburi. Habari na mafaili vilipita wapi? Kwa flashi, kwa Bluetooth, kwa kadi inayotembea mfukoni mwa mtu wa taxi-moto. Wale wachache wa meza waliobaki walikuwa na kazi tena. Intaneti iliporudi, tulirudi kwenye WhatsApp na hatukuwauliza kitu.

Sasa naomba niguse jambo ambalo wasomaji wa informatiki hawapendi. Februari 1976, kijana anayeitwa Bill Gates aliwaandikia wapenzi wa Altair barua ya wazi, yenye hasira. Yeye na wenzake walikuwa wameandika BASIC, lugha ya kuiamrisha mashini ile, na aliona kwamba wenye Altair wasiofika asilimia 10 ndio walioinunua. Wengine walinakili. Levy anasimulia jinsi Dan Sokol alivyotoa nakala nyingi za ule utepe wa karatasi na kuzileta kikaoni, kwa sharti: ukichukua mmoja, urudi na miwili. Levy yuko upande wa Sokol, na msomaji wa Butembo pia anacheka naye, kwa sababu sisi wote tumejifunza kwa Windows na Office ambazo hakuna aliyelipa. Lakini angalia vizuri sharti la Sokol. Kunakili kule kulikuwa na deni: ulichukua, ukarudisha zaidi, na kabla ya kurudisha ulikuwa umesoma, umeongeza, umerekebisha. Kwetu tulichukua moja, na tulichorudisha mara nyingi ni kirusi. Mwaka wa 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, bure, halali, unaruhusiwa kuifungua na kuibadilisha. Sijaona meza hata moja Butembo iliyoitumia. Bure ya kuiba ilikuwa imekwisha jaza nafasi ya bure ya kupewa. Bei haikuwa kizuizi. Hakukuwa na kikundi cha kuipokea, watu watano wanaokutana kila wiki kuuliza: hii inafanya nini?

Kuna mtu mmoja katika kitabu ambaye ningependa tumfahamu zaidi ya Wozniak. Anaitwa Fred Moore. Mwaka wa 1959, akiwa mwanafunzi Berkeley, alifunga kula kupinga mafunzo ya kijeshi ya lazima. Yeye na French ndio walioitisha kikao cha kwanza. Yeye ndiye aliyeandika majina kwenye orodha, akatoa jarida dogo, akakumbusha watu kuchanga. Hakuwa fundi mkubwa. Alitaka kikundi kiwe cha kusaidia watu, si cha mashini tu, na mafundi walimchoka. Baada ya miezi michache hakuwa tena katikati. Levy anamhurumia kidogo, halafu anamwacha nyuma, anakimbilia kwa wenye vipaji. Hapo namlaumu. Ukiondoa orodha ya Moore, Wozniak anamwonyesha nani mchoro wake? Kila umoja una mtu kama huyo, anayebeba daftari na kuchekwa. Wetu mnamjua.

Na kitabu kizima ni cha wanaume. Levy anaona, anasema neno, anaendelea. Sisi tusiendelee haraka hivyo. Katika sekretariati zetu dada ndio waliopiga TFC za nusu ya walisansie wanaosoma ukurasa huu, lakini mashini ikikwama aliitwa kaka. Dada aliruhusiwa klavie, hakupewa bisibisi.

Mnajua kwa nini naandika haya sasa. Katika mkutano uliopita ilipendekezwa tuuze zile mashini sita zilizo katika chumba tulichoazimwa, pesa iende kwenye mega za viongozi wa kikundi cha WhatsApp, «maana siku hizi kila kitu kiko mule». Kura ni mwisho wa mwezi. Mimi nitapinga, na si kwa kupenda mashini zile. Ni nzee, mbili haziwaki, zote pamoja hazifiki nguvu ya simu ninayoandikia. Altair pia ilikuwa bure kabisa. Chumba kile ndicho pekee tulichonacho chenye mlango, benchi, na paneli ya jua inayofika saa kumi, mahali ambapo mtu anaweza kusema «natafuta» mbele ya macho ya wengine.

Napendekeza Jumamosi, saa nane hadi saa kumi, ili walio mbali wafike nyumbani kabla ya giza. Bila mhadhara. Kila mtu aseme ana nini na anatafuta nini, halafu watu watawanyike wafanye. Dada ndio washike bisibisi mwezi wa kwanza. Na tuwaite wale vijana wanaotengeneza simu sokoni. Najua kuna watakaonung'unika: umoja ni wa walisansie, wale hawana diplome. Ni kweli. Lakini mashini ya nne inalia mara tatu kila ukiiwasha, halafu inazima, na sisi wenye diplome tumeifunika kwa kitambaa mwaka mzima. Yule kijana wa karibu na stendi alipoelezwa tu kwa mdomo alisema labda ni kadi ya memori imelegea, ingetolewa ikafutwa kwa raba ya shule. Hakuna aliyemfungulia mlango ajaribu.